Nyumba kwa Umri wa Kuazima

4 Mei

Joto. Mama na Bibi wamegombana tena kuhusu nyumba, na mimi katikati nafungua simu ya mtu iliyotumbukia kwenye bakuli la supu. Nimeona niandike, maana nisipoandika nitapasuka.

Mambo yako hivi. Mwaka jana maji ya mto Bo yaliingia ndani mpaka madirishani. Bibi tulimpandisha juu ya kabati la mababu, akashinda kule kutwa nzima amekumbatia picha ya marehemu baba, miguu inaning'inia majini. Alitoka mzima, ila kifua hakijapona hadi leo. Mama akaapa: kabla mvua za mwezi wa kumi hazijafika, tuwe na nyumba yenye dari la zege, yaani sakafu ya juu, chini ya paa, Bibi apande akae huko na godoro lake kama binadamu.

Shida ni umri wa Mama. Mzee wa kutazama siku kasema mwaka huu umri wake haufai kujenga, na mwakani haufai vilevile. Akilazimisha, nyumba itamla mtu. Na Mama anajua ikianza kula itaanza na nani.

Basi tunaazima umri. Baba mdogo Duong, mdogo wake marehemu baba, umri wake umetulia kabisa. Yeye ndiye atakayepiga jembe la kwanza, yeye atasimamia zege, na nyumba itahesabika yake mpaka siku ya kuhamia, atakapoturudishia kwa kutuuzia, mauzo ya mdomo tu, mbele ya mababu. Siku ya jembe na siku ya zege Mama asionekane hapa kabisa.

Bibi anasema: "Azimeni hata kichwa chake, mbao zangu sitoi." Mbao ni za nyumba hii tunayoivunja, za mfenesi. Babu alizichonga kwa mkono wake.

7 Mei

Kaja kijana wa kampuni ya mjini na kompyuta. Ndani yake nyumba yetu! Ina makochi, maua, na mbwa wa kizungu barazani. Nilipagawa. Nikamwambia Mama, huyuhuyu, tusitafute tena!

Mama akamuuliza, "Na maji yakija?"

"Maji gani, mama?"

Mama akamsogezea chai, akamfungia kompyuta yake taratibu. Ikaishia hapo.

10 Mei

Mama Xuyen wa ng'ambo ya mto kaja. Ni mjane, ana mafundi wake mwenyewe, anawaamrisha wanaume kama kuku. Hakuleta zawadi. Aligongagonga nguzo, akachimba udongo kwa kisigino cha buti, akanusa. Halafu akamgeukia Bibi.

"Bibi, magoti yako yanapanda ngazi?"

"Yakitaka."

"Yasipotaka?"

"Utanibeba wewe."

Wakacheka wote wawili kama walikua pamoja. Lakini kwa Mama hakuwa na utani. "Mko juu ya tope, dada. Nitachimba sana. Mwanzoni nitawachelewesha, mtanichukia. Mkishindwa kuvumilia, semeni sasa hivi."

Mama akasema jembe ni tarehe mbili Juni, siku imeshatazamwa.

"Siku hiyo namwaga zege la watu. Siwezi kuwaacha njiani. Nisogezeeni mbele kidogo."

"Siku haisogei, dada."

"Basi itafutieni fundi wake." Akaondoka, chai hajaimaliza. Mkorofi kweli! Mdomo kama patasi.

13 Mei

Leo ndiyo leo. Baba mdogo kaleta fundi wake, anaitwa Luc, kaka wa mkwe wake. Ana viatu vyeupe! Kamletea Bibi mizizi ya dawa kwenye boksi lenye utepe.

"Bibi, mbona wewe bado msichana!"

"Na wewe bado muongo," Bibi akajibu, lakini boksi akalichukua.

Luc anaanza siku ileile tunayotaka. Mwisho wa Agosti, anasema, tunakula wali ndani ya nyumba mpya. Alinipakia kwenye pikipiki kwenda kunionyesha nyumba aliyojenga, rangi ya waridi, nguzo kama za ikulu. Nikauliza wenyewe wako wapi. Bado hawajahamia. Nikapiga picha nyingi.

16 Mei

Mama hamtaki Luc. Nikimuuliza sababu ananiambia viatu vyake vyeupe mno. Nikamwambia hiyo si sababu. Akanitupia kijiko.

Jioni Baba mdogo kaja. Kaongea kwa upole, na upole wake ndio mbaya.

"Shemeji, umri ni wangu. Jembe nitapiga mimi. Nyumba ikila mtu, lawama itaandikwa kwa jina langu. Halafu fundi uniletee mtu wa nje, asiyeheshimu hata siku?"

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Kama hutaki, umri wangu narudi nao nyumbani. Hakuna ugomvi."

Mama kammiminia chai. Aende wapi? Mjomba umri wake mbovu, jirani alishauazimisha wake na hawezi kuutoa tena mpaka nyumba ya yule mwingine iishe. Huwezi kuazima umri wa mtu halafu ukamkataa fundi wake.

Mimi nilifurahi, nisidanganye. Nilisema moyoni, wazee wanatafuta makosa kwenye viatu.

2 Juni

Jembe limepigwa. Mama kashinda sokoni kwa muuza tambi, anapiga simu kila akivuta pumzi. "Wamechimba? Kina kimefika wapi? Kiunoni?" Nikamwambia magotini. Nikasikia watu wanaagiza supu nyuma yake. "Mwambie Luc achimbe zaidi." Luc akasema udongo huu ni mgumu, hauna shida. Baba mdogo akasema siku ya jembe hatusemi neno baya. Basi.

9 Juni

Nyumba ya zamani imelala chini. Tunaishi kwenye kibanda cha bati kwa jirani, tunapikwa. Luc alitaka kuondoka na mbao za mfenesi, anasema zina mchwa, atatusaidia kuzitupa. Bibi akaagiza zipangwe kibandani, akatandika mkeka juu yake, akalala. Sasa ndiyo kitanda chake. Watoto wa jirani wanamwita malkia.

20 Juni

Ukuta umefika kifuani. Haraka kweli! Mnaona?

1 Julai

Hawajaja.

2 Julai

Hawajaja. Luc anasema simenti imechelewa.

5 Julai

Wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka.

8 Julai

Hawajaja. Nimeenda kumtafuta kwa baiskeli, nimemkuta kijiji cha pili anajenga jiko la watu, mafundi wetu wote wako hapo. Aliponiona akatabasamu vilevile alivyomtabasamia Bibi. "Dada mdogo, umepotea njia?"  Nimerudi nasukuma baiskeli, sikuwa na nguvu ya kupanda.

15 Julai

Joto. Hawajaja. Bibi anakohoa.

Mama ananiuliza, "Simu za watu unatengeneza umejifunza wapi?" Nikamwambia kwenye video. "Basi jifunze na nyumba." Alikuwa anatania, lakini nimeanza. Nondo, kokoto, mirunda, zege linakaa muda gani kabla ya kuvuliwa mbao. Naangalia mpaka macho yanawasha. Kila ninachojifunza kinanichosha zaidi, maana nikitoka nje naona kimekosewa.

29 Julai

Kuta zimeisha. Paa limeezekwa, bado dari la ndani. Baba mdogo anapita kila jioni, mikono nyuma, anaongea na wapita njia. "Nyumba yangu inakwenda vizuri." YANGU! Mama anamtengea chai.

11 Agosti

Ngoja niandike yote.

Leo zege la dari. Mama katolewa asubuhi mapema. Baba mdogo kavaa shati jipya, jogoo kachemshwa, vijiti vya ubani vimewashwa, mashine ya zege inanguruma. Mimi kazi yangu kupikia mafundi. Nikapanda ngazi kuwapelekea maji, nikaziona nondo. Nyembamba kama vijiti vya kulia, na zimeachana sana. Yaani niliinama, nikapitisha kichwa katikati ya nondo mbili. Kichwa! Kikaingia, kikatoka.

Nikamwambia Luc, hizi hazitoshi, kuna mtu atalala hapa juu.

"Dada mdogo, hii siyo simu. Huwezi kuizima na kuiwasha." Mafundi wote wakacheka.

Nikashuka kwa Baba mdogo. "Baba mdogo, nondo hazitoshi. Simamisha, njoo uone mwenyewe."

"Nyamaza! Siku ya zege hakuna neno baya. Unataka kuitia nuksi nyumba ya bibi yako?"

"Panda tu uone!"

"Mimi nimeshika ubani, siwezi kupandapanda."

Nikampigia Mama. Nikamweleza habari ya nondo, akakata simu, nikajua anakuja. Nikamwona anatokea mwisho wa uchochoro, kofia imemwangukia mgongoni, anakimbia. Mama yangu hakimbiagi. Akafika kwenye ua wa mianzi, pale inapoanzia ardhi yetu, akasimama.

"Shemeji! Simamisha mashine!"

Baba mdogo akageuka, rangi imemtoka. "Shemeji, rudi! Ukivuka hapo tumeharibu yote! Mwenye umri mbovu haingii siku ya zege, unajua!"

"Mwanangu anasema nondo..."

"Mwanao mtoto! Rudi, nakuomba. Unataka imle mama yangu?"

Alisema hivyo. Na Bibi yupo palepale upande wa pili, mlangoni kwa kibanda, anakohoa.

Mama alinyanyua mguu. Niliuona, umeshavuka ua, uko hewani, kandambili inaning'inia kwenye kidole. Nikasema moyoni vuka, Mama, vuka. Mashine inazunguka, wanapandisha ndoo. Akamtazama Bibi. Halafu akaurudisha mguu pale ulipotoka, polepole sana, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

Akachuchumaa nje ya ua mpaka zege likaisha kumwagwa. Sikumkasirikia. Nilitaka, nikashindwa. Hata mimi, na video zangu zote, ingekuwa ni mimi nisingevuka.

12 Agosti

Sijaandika kitu. Nimelala.

23 Agosti

Luc kavua mbao na mirunda yote iliyoshikilia dari, anaitaka kwenye jiko la watu. Nikamwambia mapema mno, zege halijakomaa. "Video imekwambia?" akasema. Ndiyo, video imeniambia!

27 Agosti

Nimepanda darini na limau. Nimeliweka pembeni ya ukuta. Limebingirika lenyewe mpaka katikati, likatulia. Nikalirudisha, likaenda tena. Chini yake, ukitazama juu, kuna ufa unapita kama mshono kwenye suruali.

Nimemwonyesha Baba mdogo. Kalitazama limau muda mrefu. "Zege jipya hujinyoosha," akasema. Lakini alipotoka alipita pembeni pembeni mwa ukuta, hakupita katikati.

Bibi kaulizwa. "Siendi juu yake wala chini yake. Nirudishieni kabati langu."

6 Septemba

Mvua ya kwanza. Ndogo. Sote watatu tumekaa tunaisikiliza juu ya bati.

10 Septemba

Luc anataka tuhamie ili kazi ihesabike imeisha. Mama anasema hahamii. Luc anasema mwenye nyumba ni Duong, aamue yeye. Baba mdogo anasema tusubiri kumbukumbu ya kifo cha kaka.

Siku hizi ananikera hata namna anavyokunywa chai. Zamani nilimwona mtu mkubwa. Sasa namwona mtu aliyependa kuitwa mwenye nyumba, basi, akashindwa kushuka.

21 Septemba

Kumbukumbu ya baba. Tumepika kila alichopenda, samaki wa kukaanga kwa manjano, wali wa kunata, majani machungu. Meza ya mababu tumeiweka ndani ya nyumba mpya, karibu na ukuta, mbali na katikati. Bibi kakaa mlangoni, mguu mmoja nje.

Kwa kuwa nyumba bado ni yake, Baba mdogo ndiye wa kuwasha ubani na kumpa kaka yake taarifa. Tunajua maneno, husemwa kila nyumba: kaka, nyumba imesimama, ni imara, njoo ule nasi. Akashika vijiti vitatu, akainama, akafungua mdomo.

Hayakutoka.

Anamtazama baba pichani. Moshi unapanda unagonga dari. Vijiti vinaungua, jivu linamwangukia mkononi, hatikisiki. Jirani akakohoa kumkumbusha. Luc alikuwepo, amevaa vile viatu, akanong'ona, "Mzee, sema basi, chakula kinapoa."

Ubani ukafika kwenye vidole. Baba mdogo akauchomeka, akasema sentensi moja: "Kaka, bado." Akatoka nje.

Nilimfuata. Anapuliza vidole. Hakunitazama.

"Hien. Namba ya yule mama wa ng'ambo unayo?"

"Ninayo."

"Mpigie."

Luc akatoka akiwa mkali, kazi yake haiharibiwi jina na mtoto wa simu, ataongea na mwenye nyumba.

"Nyumba hii ya nani?" Baba mdogo akamuuliza.

"Ya shemeji yako, nani asiyejua!"

"Mpaka siku ya kuhamia ni yangu. Wewe ndiye uliyesema. Sasa toka nyumbani kwangu."

"Mzee, sisi ni ndugu."

"Ndiyo maana nimekwambia toka, sijakutoa."

Mama alisikia yote.  Alimpakulia Baba mdogo kichwa cha samaki.

24 Septemba

Mama Xuyen kaja, buti zilezile. Katembea ndani, kagonga, katazama ufa, kalitazama hata limau langu. Kachimba pembeni ya msingi mpaka akakuta mwisho, hakuchelewa kuukuta.

"Niliwaambia mtanichukia," akasema. "Mmeamua kumchukia mwingine kwanza."

 Baba mdogo akamwomba abadilishe dari, aweke zege zuri.

"Msingi huu hauwezi kubeba zege zuri. Tena mvua iko mlangoni, litakomaa lini? Mimi sitaki bibi wa watu anifie kichwani. Livunjwe. Ukuta nitaushika, ila juu pawe pepesi. Kama nyumba za zamani, dari la mbao. Sasa mbao ngumu kwa wakati huu mtazitoa wapi, sijui."

Tukageuka wote kwa pamoja. Bibi kakaa juu ya kitanda chake, anatafuna tambuu.

"Msinitazame," akasema. "Nilikuwa nazishikia tu, asije akazibeba mwenye viatu vyeupe."

"Zina mchwa, bibi?" Mama Xuyen akamuuliza.

"Mchwa gani! Mchwa alikuwa yeye."

28 Septemba

Tunavunja. Kufunga dari wanafanya mafundi, kuvunja kaomba Baba mdogo mwenyewe. Nyundo kubwa kuliko yeye. Mikono imechubuka, anaifunga matambara, anarudi. Mama Xuyen anampigia kelele kama saidia fundi: "Mzee, siyo hapo! Utatuua na umri wako mzuri!" Anajibu, "Sawa, fundi."

3 Oktoba

Mvua. Wamefanya kazi. Hawajakosa siku. Mimi nabeba kifusi, usiku nikifumba macho naona kifusi.

8 Oktoba

Mvua. Mama Xuyen alinitukana kwa kuweka mbao kinyume, halafu akanifundisha. Niliandika ana mdomo kama patasi. Bado anao.

13 Oktoba

Mvua. Dari limefika nusu. Mzee wa kutazama siku kasema siku nzuri ya kuhamia ni mwisho wa mwezi. Mto haujaulizwa.

16 Oktoba

Limeisha! Ngazi yake Mama Xuyen kaitengeneza ya vidato vifupi, kwa ajili ya magoti. Limau nimeliweka. Limekaa pale nilipoliweka.

18 Oktoba

Naandikia juu.

Maji yalikuja asubuhi, tunakunywa uji. Kwanza uani, halafu mlangoni, halafu kandambili zetu zikaanza kutembea zenyewe. Kibanda cha jirani kimelala, sisi tumeshakimbilia nyumba mpya. Bibi alipanda ngazi mwenyewe, anapumzika kila kidato, anaitukana mvua. Tukapandisha picha ya baba, mchele, jiko, simu za watu, viazi. Mbao zinalia kidogo chini yetu, kisha zinanyamaza.

Mchana Baba mdogo akatokea kwenye uchochoro, maji kifuani, kuku wake wawili kichwani ndani ya beseni. Kwake kumeshajaa. Akaingia mlangoni, akaja mpaka chini ya ngazi, akasimama hapo. Anatetemeka. Anatutazama, hapandi.

"Shemeji," akasema, "naomba nipande."

Mama yuko ukingoni, anamtazama. Tangu siku ile ya zege hajamwambia neno zaidi ya karibu chai. Maji yanapanda, na huyu anaomba ruhusa!

"Si nyumba yako?" Mama akasema. "Unaniomba mimi?"

Yule mzee akainamisha kichwa mpaka beseni likayumba, kuku wakapiga kelele. "Basi niwauzie. Kama mnainunua."

"Siku bado haijafika," nikasema, mdomo wangu huu.

"Siku imefika shingoni kwake," Bibi akasema. "Mpandishe."

Tukampandisha. Akabanwa kati ya gunia la mchele na picha ya baba, analowesha kila kitu. Mama hakuwa na kitu mkononi ila kiazi kitamu, ndiyo kwanza kimetoka kwenye sufuria. Baba mdogo akaigeukia picha, akaunganisha mikono yake yenye makovu.

"Kaka," akasema, na safari hii maneno yalitoka, yanagongana na meno. "Nyumba imesimama. Namrudishia mkeo. Ni imara." Akapapasa mbao kwa kiganja. "Huku juu ni imara."

Mama akampa kiazi, kiwe bei. Akakipokea kwa mikono miwili, akakila chote na maganda yake, machozi yanashuka au mvua, sijui. Bibi alikuwa ameshalala, usingizi wa kweli, hakohoi.

Maji bado yanapanda. Nimechoka sana. Nimeegemea ukuta wetu.